Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake: Yoga Inayopimwa kwa Mwili na Moyo wa Mtu

Maelezo ya elimu ya afya yaliyotolewa kwa wakazi wa kata



Katika foleni ya asubuhi ya zahanati, mgonjwa wa homa hukaa benchi moja na mtu asiye na homa wala jeraha. Huyu wa pili huinuka taratibu, mkono mmoja ukiwa kiunoni, na akiulizwa maumivu yalianza lini hujibu kwa kuhesabu miaka, si siku. Ameshapimwa malaria, ameshapimwa mkojo, na kila mara amerudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Vikiisha hununua vingine katika duka la dawa muhimu, na hivyo navyo vikiisha hununua tena. Mtu huyo hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na linayataja maumivu hayo kuwa chanzo cha kwanza cha ulemavu ulimwenguni.

Vidonge vina kazi yake, na mganga huviandika kwa sababu. Lakini dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku kwa miezi mingi bila usimamizi, zinaweza kuchubua tumbo hadi likatoka damu, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Aliyeanza na ugonjwa mmoja huishia na miwili. Tena kiuno hakiumi peke yake. Asiyelala kwa maumivu huamka na hasira. Mwenye hasira hukaza mabega na taya. Aliyekaza mwili huumia zaidi. Na anayeumia kila siku huanza kujitenga na watu, kukosa hamu ya kazi na kukata tamaa. Mzunguko huo ukishaanza, ni vigumu kusema kama ugonjwa ni wa mwili au wa moyo.

Maelezo haya yanahusu njia mojawapo ya kuukata mzunguko huo, nayo ni tiba ya yoga inayopangwa kwa mtu mmoja mmoja. Jambo la kushika ni moja tu, na wahenga walilisema zamani: kila ndege huruka kwa ubawa wake. Zoezi linalomfaa jirani linaweza kumuumiza mwenzake, ingawa wote wawili wanalalamikia kiuno. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama yoga ni nzuri au mbaya. Swali ni zoezi lipi, kwa nani, kwa kiasi gani, na chini ya uangalizi wa nani.

Picha iliyozoeleka

Wananchi wengi wanaijua yoga kwa picha. Picha yenyewe humwonyesha msichana mwembamba aliyejikunja kama upinde, au kijana aliyesimama kwa kichwa, miguu ikielekea juu. Mama aliyebeba maji tangu utotoni akiiona picha hiyo husema kwamba mambo hayo si ya watu wa rika lake, na kwa picha hiyo ana haki ya kusema hivyo. Lakini picha imeonyesha tawi moja tu la mti mkubwa.

Yoga ilizaliwa India karne nyingi zilizopita. Ndani yake mna mikao ya mwili, mna taratibu za kuvuta na kutoa pumzi, mna kutulia na kukusanya mawazo, na mna mafundisho ya mwenendo. Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Leo inafundishwa karibu kila nchi. Kuenea huko kumekuwa na faida yake na hasara yake. Faida ni kwamba watu wengi wameifikia. Hasara ni kwamba darasa la watu arobaini hufanya zoezi moja kwa wakati mmoja, na mkanda wa video katika simu hauoni kama anayeutazama ana presha, ana mimba au alivunjika nyonga.

Mwalimu mmoja, mafundisho mawili

Historia ya wazo la kumpimia mtu yoga yake inaonekana vizuri katika maisha ya mwalimu mmoja wa India, Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888 na kufariki mwaka 1989. Katika miaka ya 1930 alifundisha katika mji wa Mysore chini ya ufadhili wa mfalme wa huko. Wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana wenye nguvu, na aliyowafundisha yalilingana na umri wao: kuruka, kujikunja na kwenda kwa kasi hadi jasho litoke. Picha nyingi zinazoonekana leo zina mizizi katika shule hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Krishnamacharya alihamia Madras, mji ambao sasa unaitwa Chennai. Huko waliomjia walikuwa watu wa namna nyingine. Mmoja wa wale wa mwanzo alikuwa mwanasheria mashuhuri aliyepatwa na kiharusi. Wengine walikuwa wazee, wajawazito, watu wenye pumu, wenye kisukari na wasiopata usingizi. Mwalimu angeweza kuwalazimisha wafuate mazoezi ya wale vijana wa Mysore. Hakufanya hivyo. Aliwapokea mmoja mmoja, akamshika kila mtu mapigo ya damu, akamtazama anavyopumua, kisha akampa mazoezi machache yaliyomfaa yeye. Aliyeshindwa kusimama alifundishwa akiwa amekaa, na aliyeshindwa kukaa alifundishwa akiwa amelala.

Mwanawe, T. K. V. Desikachar, alisomea uhandisi na hakuwa na nia ya kurithi kazi ya baba. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alimwona mwanamke mgeni kutoka New Zealand akimkumbatia baba yake kwa furaha, jambo lisilo la kawaida kabisa katika familia yenye mila kali kama yao. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba mwanamke yule, baada ya muda mrefu wa kukosa usingizi, alikuwa amelala bila dawa. Desikachar aliacha uhandisi akawa mwanafunzi wa baba yake, na mwaka 1976 akaanzisha mjini humo taasisi iitwayo Krishnamacharya Yoga Mandiram, ambako desturi ya kumwona mtu mmoja mmoja imeendelea.

Shemeji wa Krishnamacharya, B. K. S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918, aliijua thamani ya jambo hilo kwa mwili wake mwenyewe. Utotoni alipatwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, akakua dhaifu. Alipokuwa mwalimu katika mji wa Pune alitumia viti, kamba, mikanda, mablanketi na vipande vya mbao ili mtu asiyefikia chini apate pa kushika na mtu asiyeweza kukunja goti apate pa kuegemea. Kwake kiti au kamba haikuwa aibu ya mnyonge. Ilikuwa njia ya kuuleta mkao kwa mtu badala ya kumvuta mtu kwa nguvu aufikie mkao.

Namna tiba inavyopangwa

Kazi ya mwalimu wa tiba hii inafanana na ya fundi cherehani. Fundi mwema hashiki mkasi kabla ya kushika utepe wa kupimia. Kwanza huuliza. Maumivu yako wapi, yalianza vipi, huzidi saa ngapi na hupungua mtu akifanya nini? Anafanya kazi gani, na hubeba nini? Anatumia dawa zipi? Amewahi kufanyiwa upasuaji? Analala saa ngapi? Amepatwa na msiba, deni au ugomvi? Pili hutazama: mtu anavyotembea, anavyoinuka kutoka kwenye kiti, anavyogeuka, na pumzi yake inapoishia. Tatu humpa mazoezi machache, mara nyingi yasiyozidi matano au sita, ya muda wa robo saa hivi, ambayo mtu huyo anaweza kuyafanya kwake bila msaada. Nne humwita arudi baada ya wiki moja au mbili ili waone kilichosaidia na kilichokataa, kisha huyabadilisha. Asiyemwita mtu arudi hajampa tiba. Amempa orodha tu.

Ili jambo hili lieleweke, na wafikiriwe watu watatu ambao wanaweza kupatikana katika kijiji chochote, wote wakiwa na maumivu ya kiuno.

Wa kwanza ni mama wa miaka 45 anayeuza mboga. Huinama kupalilia, huinama kufua, huinama kunyanyua ndoo. Kiuno chake huuma zaidi anapoinama na hupata nafuu anaposimama wima na kutembea. Mama huyu akiambiwa asimame na kuinama hadi ashike vidole vya miguu, anaongezewa kile kile kinachomuumiza. Kinachoweza kumfaa ni kupiga magoti na kuweka mikono chini juu ya mkeka, kisha kuushusha na kuupandisha mgongo polepole kwa kufuata pumzi. Kulala kifudifudi na kuinua kifua kidogo tu. Na, muhimu kuliko yote, kujifunza kunyanyua ndoo kwa kukunja magoti na nyonga, ndoo ikiwa karibu na mwili, badala ya kukunja mgongo.

Wa pili ni kijana wa miaka 26 anayeendesha bodaboda. Hukaa juu ya pikipiki kutwa nzima, mabega yakiwa mbele. Pikipiki ni ya mkataba, na hesabu ya kila siku lazima ipatikane. Usiku hulala huku mawazo yakizunguka. Huyu hana haja ya kupumzishwa mchana. Mwili wake umekaa mno. Anaweza kufaa kushuka kila baada ya safari kadhaa, kusimama wima, kupeleka mguu mmoja nyuma ili sehemu ya mbele ya nyonga inyooke, na kuinua mikono juu anapovuta pumzi. Jioni, dakika kumi za kulala chali huku miguu ikiwa juu ya kiti na pumzi ikitolewa polepole zinaweza kumsaidia zaidi ya zoezi lolote la nguvu, kwa sababu nusu ya ugonjwa wake ni kukesha.

Wa tatu ni mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu na presha ya macho. Amefiwa na mkewe, na siku hizi hatoki sana. Kiuno na miguu humuuma anapotembea, lakini akikaa au akiinama kidogo hupata nafuu. Tazameni, basi: kinachomuumiza yule mama ndicho kinachompa mzee huyu nafuu. Akiambiwa apinde mgongo nyuma kama yule mama, maumivu yanaweza kuzidi. Akiambiwa asimame kwa kichwa, au akae muda mrefu kichwa kikiwa chini ya moyo, msukumo ndani ya macho huongezeka, na kwa mwenye presha ya macho hiyo ni hatari. Akiambiwa abane pumzi, shinikizo la damu linaweza kupanda. Anachoweza kupewa ni kulala chali na kuvuta goti moja moja kuelekea tumboni, kufanya mazoezi ya mikono na shingo akiwa amekaa kwenye kiti imara, na kusimama kwa mguu mmoja huku akishika ukuta ili asianguke. Kwake pia kufanya mazoezi na wenzake wawili watatu chini ya mwembe ni sehemu ya dawa, kwa kuwa upweke nao unaumiza.

Watu watatu wana kiuno kimoja kinachouma kwa sababu tatu tofauti. Wakiingizwa katika darasa moja na kupewa zoezi moja, huenda mmoja akapona, mmoja asione tofauti, na mmoja akaenda nyumbani amebebwa.

Pumzi na moyo

Wapo wanaouliza vipi mazoezi ya mwili yatibu huzuni na wasiwasi. Sehemu ya jibu imo katika pumzi. Mtu aliyeshtuka hupumua haraka na juu juu, mapigo ya moyo yakienda mbio. Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upige taratibu, lakini anaweza kuiamuru pumzi yake. Kwa kawaida mapigo ya moyo huongezeka kidogo mtu anapovuta pumzi na hupungua anapoitoa. Kwa hiyo anayejifunza kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta hupitia mlango aliopewa ili kuufikia moyo asioweza kuugusa.

Zoezi la mwanzo ni jepesi. Mtu hulala chali juu ya mkeka, miguu ikiwa juu ya kiti au kigoda, mkono mmoja juu ya tumbo. Huvuta pumzi kwa pua akihesabu tatu, huitoa akihesabu nne au tano, bila kujilazimisha wala kubana. Baada ya dakika tano huinuka kwa kugeukia ubavu kwanza. Mjamzito ambaye mimba yake imekua hulala kwa ubavu, si chali. Mwenye pumu hafuati hesabu inayomkosesha hewa. Huifuata pumzi yake mwenyewe. Na wapo watu, hasa walioonja ukatili au ajali, ambao wakifumba macho na kutulia huzidiwa na kumbukumbu. Hao waachwe wafumbue macho, watembee, wafanye zoezi wakiwa wamesimama. Hata utulivu hupimwa kwa mtu.

Hata hivyo ni lazima mpaka uwekwe. Sonona ni ugonjwa, na si uvivu wala udhaifu wa imani. Anayekaa wiki mbili au zaidi bila furaha, bila usingizi, bila hamu ya kula, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji mtaalamu wa afya bila kuchelewa. Yoga inaweza kuwa msaidizi pembeni ya matibabu hayo. Isiwe badala yake, na mtu asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu amejisikia vizuri siku tatu.

Swali la imani

Katika kata zenye misikiti na makanisa, swali la imani haliwezi kupitwa kimya. Yoga ilikulia katika dini za India, na baadhi ya walimu huandamanisha mazoezi na nyimbo au maneno ya ibada. Viongozi wa dini wamelizungumza jambo hili kwa namna mbalimbali. Mwaka 1989 Vatikani ilitoa waraka kwa maaskofu ukitahadharisha kuhusu kuchanganya sala ya Kikristo na njia za kutafakari kutoka Mashariki, ukiwataka waumini wapambanue. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilisema kwamba yoga inayounganisha mazoezi, ibada na maneno ya kuimbwa haimfai Mwislamu. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama shughuli ya michezo.

Tofauti hizo zenyewe zinafundisha jambo: kinachobishaniwa zaidi ni ibada, si kunyoosha mgongo. Tiba inayopimwa kwa mtu huipima imani yake pia. Mwalimu mwaminifu huuliza, na kisichokubalika kwa mwanafunzi hukiacha. Anayetaka kufanya mazoezi ya viungo na pumzi peke yake ana haki ya kufanya hivyo, na anayetaka ushauri wa sheikh, padri au mchungaji wake kabla ya kuanza afanye hivyo bila kuona aibu.

Utafiti unasema nini

Wananchi wana haki ya kuambiwa ukweli bila chumvi. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2022 yalikusanya majaribio 21 yenye washiriki 2,223 waliokuwa na maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Matokeo yalionyesha kwamba yoga, ikilinganishwa na kutofanya mazoezi, huleta nafuu, lakini nafuu hiyo ni ndogo. Ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo, tofauti ni ndogo mno au haipo. Baadhi ya waliofanya yoga waliripoti kwamba maumivu ya mgongo yaliongezeka.

Jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2017 lilifanyika Boston, Marekani, kwa watu 320, wengi wao wakiwa na kipato cha chini. Kundi moja lilifundishwa yoga kwa wiki 12, kundi jingine lilihudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia, na kundi la tatu lilipewa kitabu cha maelezo. Yoga haikuwa duni kuliko fiziotherapia. Mwaka huo huo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliwashauri madaktari kwamba maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaanze kutibiwa bila dawa, na katika orodha ya njia hizo yalitajwa mazoezi na yoga.

Maana yake kwa mkazi wa kata ni nzuri kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Ikiwa yoga na mazoezi mengine yaliyopangwa vizuri hukaribiana kwa faida, basi asiye na mwalimu wa yoga karibu naye hajanyimwa tiba.

Wa kwenda kwa mganga kwanza

Kabla ya zoezi lolote, zipo dalili ambazo hazisubiri. Maumivu ya mgongo yaliyofuatana na ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea ghafla, ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yenye homa, jasho la usiku au kupungua uzito yanahitaji uchunguzi, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushambulia uti wa mgongo. Vivyo hivyo maumivu baada ya kuanguka, maumivu yasiyopungua hata mtu akilala, na maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na anayeyafunika maradhi hayo kwa mazoezi ameyaficha pia.

Wapi pa kuanzia katika kata

Ukweli ni kwamba kata nyingi hazina mwalimu wa tiba ya yoga. Hilo lisimrudishe mtu kwenye vidonge vya miaka yote. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Mgonjwa amweleze mganga si tu mahali panapouma bali pia kazi anayofanya, dawa anazonunua mwenyewe na usingizi wake. Anapohitajika kuonwa na mtaalamu wa fiziotherapia, aombe rufaa ya kwenda hospitali yenye huduma hiyo. Mtaalamu huyo hufanya kile kile kilichoelezwa hapa: huuliza, hutazama, hupanga na humwita mtu arudi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumtembelea mgonjwa nyumbani na kumkumbusha mazoezi aliyopewa. Na mwenye mzigo wa moyo, kama ni msiba, ugomvi wa ndoa au ukatili, aelekezwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Pale ambapo mwalimu wa yoga anapatikana, mwananchi asilipe kabla ya kuuliza. Alisomea wapi na kwa muda gani? Ataniuliza historia ya afya yangu kabla ya kuanza? Nikipata maumivu, atafanya nini? Atakubali kuwasiliana na mganga wangu? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu. Anayedai kwamba yoga yake inaponya kisukari au saratani, au anayemwambia mtu aache dawa, akimbiwe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka anayetoa tiba za namna hiyo asajiliwe, na mwananchi anaweza kuuliza katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Gharama ya vifaa isimzuie mtu. Mkeka wa ukindu unatosha badala ya zulia la dukani, kanga iliyokunjwa ni mto, kigoda ni kiti cha kuegemezea miguu, na ukuta wa nyumba haulipiwi. Kinachohitajika zaidi ni muda mfupi usiokatizwa kila siku. Robo saa kila asubuhi inamfaa mtu kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake, kwani haba na haba hujaza kibaba. Familia nayo ina sehemu yake. Mama hawezi kulala chali kwa utulivu ikiwa kila dakika anaitwa jikoni. Mtu mwingine ashike mwiko kwa robo saa hiyo.

Ndugu wananchi, yule aliyekaa kwenye benchi la zahanati, mkono ukiwa kiunoni, hahitaji kujikunja kama upinde wala kusimama kwa kichwa. Anahitaji mtu wa kumuuliza, wa kumtazama anavyoinuka, wa kumpa mazoezi manne anayoyaweza, na wa kumwita arudi. Akiipata huduma hiyo, iitwe yoga au iitwe fiziotherapia, ana nafasi ya kulala usiku na kuamka na nguvu. Na safari ijayo anapoingia kwa mganga, pamoja na kuonyesha panapouma, aulize swali moja: mwili huu, kwa kazi yake na umri wake, unafaa mazoezi gani?